Willy Gamba Alipofika Benaco

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili, Biharamulo, na ndipo nilipokutana na Elvis Musiba. Kitabu kilikuwa Kikosi cha Kisasi. Nasema kitabu kwa heshima tu, maana jalada halikuwepo, kurasa za mbele zilishikizwa kwa uzi wa kushonea magunia, na kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda na maji. Bweni zima tulikisoma kwa zamu, mtu usiku mmoja, tochi chini ya blanketi. Na kila mtu alikwama palepale: Willy Gamba yuko Kinshasa, mambo yamemkaba koo, halafu karatasi zimekwisha.

Wenzangu walilaani wakalala. Mimi nilichukua kaunta buku langu la Jiografia, nikaligeuza nyuma mbele, nikaandika mwisho. Willy wangu aliwamaliza wabaya wote, akatoka Kinshasa akafika Bujumbura kwa usiku mmoja tu (ndiyo, kwenye daftari la Jiografia), akaingia Tanzania kwa mpaka wa Kabanga, akala ndizi na maharage kwa mama ntilie wa Ngara, kisha akapanda basi la Biharamulo. Nilimpandisha basi letu makusudi. Katika vitabu, Willy alikuwa mtu wa ndege na hoteli kubwa, na huku kwetu alipita juu mawinguni tu. Mimi nilitaka ashuke.

Basi daftari likaanza kuzunguka pamoja na kitabu. Anayemaliza kitabu anapewa daftari, na wengine walinilipa kwa kipande cha sabuni au vijiko viwili vya sukari. Miaka kadhaa baadaye nilikiona Kikosi cha Kisasi kizima, kimepangwa chini kwa muuza vitabu vya mtumba Dar es Salaam. Nilikinunua bila kuomba punguzo. Mwisho wa Musiba haukufanana na wangu hata kidogo. Nikacheka peke yangu pale barabarani.

Hadithi hii ningebaki nayo kama kumbukumbu ya utoto, kama si binti mmoja wa kidato cha tatu.

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya kata wilayani Ngara. Binti akaja ofisini, akaamkia, akaweka mezani kaunta buku la kwaya tatu. Juu kaandika kwa kalamu nyekundu: Willy Gamba, Benaco. Sura saba, mwandiko mzuri, hakuna mistari iliyofutwa.

Kwa asiyeijua Benaco: leo ni kituo cha biashara kwenye barabara ya Rusumo, malori yanapumzika, watu wanakula chipsi. Jina lilitokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Mwishoni mwa 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Binti huyu alikuwa hajazaliwa. Kila alichokijua alikipata kwa bibi yake, aliyekuwa akiuza ndizi pembeni ya kambi.

Katika hadithi yake, Willy Gamba anatumwa Benaco akijifanya dereva wa lori la mahindi. Kuna silaha zinaingia kambini ndani ya magunia. Willy anahoji, anafuatilia, anapigana, na kila jioni anakwenda kununua ndizi kwa bibi mmoja ambaye anajua nani kanunua nini, saa ngapi, na kwa fedha ya nchi gani. Nilisoma sura zote saba usiku ule ule. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na sikumbuki riwaya iliyonionyesha wilaya yangu kwa namna ile.

Asubuhi akaniuliza, "Ticha, hivi huu si wizi?"

Nilimjibu haraka haraka, kengele inagonga: "Badilisha jina la Willy, utakuwa salama." Kisheria sikuwa mbali sana na ukweli. Lakini lilikuwa jibu la mtu mwenye kipindi kinachomsubiri. Hapa najaribu kumjibu vizuri zaidi.

Nianze mbali kidogo, maana watu wakisikia habari za mashabiki kuandika hadithi juu ya wahusika wa wengine hudhani ni mchezo ulioletwa na kompyuta. Ushairi wetu una jina la kazi ya namna hiyo tangu zamani: takhmisi. Mshairi anachukua shairi la mwenzake lililokwisha kusifika, na kila mishororo miwili ya mwenzake anaitungia mitatu yake, ubeti unakuwa wa mishororo mitano. Ile ya zamani inabaki kama ilivyo, na mipya inabidi ishike vina na mizani ya wenyeji wake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, anayejulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa Takhmisi ya Liyongo, juu ya tungo zinazohesabiwa kuwa za Fumo Liyongo mwenyewe. Hakuna aliyemwita mwizi. Msikilizaji alijua kabisa ipi ni ya Liyongo na ipi ni ya Sayyid. Na Liyongo hakupungukiwa kitu, maana kila aliyeisoma takhmisi aliyasoma na maneno ya Liyongo.

Sasa njoo kwenye nathari. Mwaka 1952 Macmillan walitoa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Kiini chake kinatoka katika Alfu Lela Ulela, hadithi ya Abdullah bin Fadhil wa Basra na ndugu zake wawili waliomhusudu. Kule ndugu wamegeuzwa mbwa, na Abdullah analazimika kuwachapa kila usiku. Kwa Shaaban wamekuwa manyani, mji umepewa jina jingine, na masimulizi yamevishwa Kiswahili ambacho ni cha Shaaban peke yake. Alfu Lela Ulela haikuwa na mwandishi mmoja wa kudai chochote, kwa hiyo njia ilikuwa nyeupe.

Bwana Msa ni suala gumu zaidi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957 hadi 1958, lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 ikatoka Mzimu wa Watu wa Kale. Mpelelezi wake anavuta kiko, anafikiri kwa hatua, ana mwenzake Najum wa kumshangaa. Msomaji yeyote wa Sherlock Holmes anajua yuko nyumbani kwa nani. Arthur Conan Doyle alifariki mwaka 1930. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, iliyompa mwandishi ulinzi wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, Holmes alikuwa na mwenyewe hadi mwaka 1980. Yaani Bwana Msa kazaliwa Holmes akiwa bado chini ya ulinzi!

Kilichomwokoa ni kwamba hakimiliki hailindi wazo. Mpelelezi mwerevu mwenye kiko na rafiki mwenye mshangao ni wazo. Maneno ya Doyle, visa vyake na watu wake kama alivyowachora ndiyo mali yake. Abdulla alichukua wazo akalipeleka shambani Unguja, kati ya mizimu, wenye mashamba na siri za ukoo, na hapo likawa lake. Alikuwa shabiki aliyebadilisha jina, kama nilivyomshauri binti.

Musiba naye hivyo hivyo. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, miaka 10 tu baada ya kifo cha Ian Fleming, aliyemwandika James Bond. Harufu ya Bond iko wazi kwa Willy Gamba: suti, bastola, wasichana. Ila Bond anatumikia dola la Kiingereza, na Willy anapigania ukombozi wa kusini mwa Afrika. Musiba alimpenda Bond na akabishana naye hapo hapo. Ushabiki mzuri mara nyingi uko hivyo.

Ukiziangalia kazi hizi kwa jicho la mfanyabiashara, wachapishaji hawakupata hasara na mapenzi haya. Bureau ile ilitangaza shindano kwa watu ambao wengi hawakuwa wameandika kitabu maishani mwao. Watu hao walikuwa wameshajifunza kazi bure, kwa kusoma na kuiga. Mshindi akawapa mhusika aliyeendelea kutafutwa, kutoka Kisima cha Giningi mwaka 1968 hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Na nyuma ya Musiba alikuja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Sote tuliosoma bwenini tulikuwa na ubishi wetu wa kudumu: Willy na Joram wakikutana, nani atamweza mwenzake? Ubishi ule ulikuwa tangazo la biashara ambalo hakuna kampuni iliyolilipia.

Tugeukie sheria. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayoisimamia. Kwa sheria hiyo, haki ya kutafsiri, kurekebisha au kugeuza kazi ni ya mwandishi, na ulinzi ni maisha yake pamoja na miaka 50 baada ya kifo. Wazo tupu halina ulinzi. Kazi mpya iliyotokana na ya zamani inaweza kulindwa nayo, ila bila kumpokonya haki mwenye kazi ya kwanza.

Tupige hesabu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo miaka 50 yake ilitimia 2012. Leo ukitaka kuandika kilichotokea Kusadikika baada ya kesi ya Karama, andika, na umtaje mwenye nchi. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991: subiri hadi 2041 iishe. Mtobwa alifariki 2008: ngoja 2058. Musiba alifariki 2010, kwa hiyo Willy Gamba atakuwa na wenyewe hadi mwisho wa 2060. Binti yangu wa Ngara alizaliwa mwaka 2000. Siku Willy akiwa mali ya umma, yeye mwenyewe atakuwa bibi.

Sisemi sheria ni mbaya. Waandishi wa aina ya Musiba na Mtobwa walihangaika kuchapa vitabu kwa fedha zao wenyewe, Mtobwa na Heko Publishers yake, Musiba na Continental Publishers. Mtu aliyepeleka kitabu chao kwenye mashine ya fotokopi akauza nakala aliwapokonya chakula mezani. Huyo ni mwizi, na sioni haja ya kumtafutia jina la adabu. Lakini hebu tumtofautishe na mwenye daftari. Nakala ya fotokopi inakaa mahali pa kitabu: ukiwa nayo, kitabu hukinunui. Daftari la shabiki halina maana bila kitabu. Aliyesoma mwisho wangu wa Jiografia bila kusoma Kikosi cha Kisasi hakuelewa chochote, na aliyeusoma baada ya kitabu alizidi kuitamani kurasa iliyokosekana. Kama kungekuwa na duka Biharamulo lenye nakala mpya, nadhani tungechanga. Halikuwepo. Nilipokuja kununua, fedha yangu ilikwenda kwa muuza mtumba, na Musiba hakuona hata senti moja. Mashabiki walikuwepo miaka yote ile. Nakala ndizo zilizokosekana.

Wenzetu wenye mitaji wameliona hili mapema. Fleming alifariki 1964, na mwaka 1968 wenye haki za Bond walitoa Colonel Sun, iliyoandikwa na Kingsley Amis kwa jina la Robert Markham. Amis alikuwa shabiki wa wazi. Miaka mitatu nyuma alikuwa ametoa kitabu kizima cha kumchambua Bond. Wenye mali walimfungulia mlango wakagawana mapato. Mwaka 2011 wenye urithi wa Conan Doyle walimpa idhini Anthony Horowitz, ikatoka The House of Silk. Na kuna Fifty Shades of Grey ya E. L. James. Sikipendi kitabu kile, lakini historia yake inafundisha. Kilianza kama hadithi ya shabiki juu ya wahusika wa Twilight, kikasomwa bure na wengi, kisha majina yakabadilishwa, kikachapishwa 2011, na mfululizo wake ukauza nakala zaidi ya milioni 100. Kampuni kubwa ilipokinunua mwaka 2012 ilipata mwandishi pamoja na wasomaji wake waliokwisha kusanyika.

Zipo njia mbili, basi: kubadilisha jina, au kuomba mlango ufunguliwe. Binti alijaribu zote mbili.

Kwanza nilimsaidia kuchapa sura mbili, tukazipeleka kwa mchapishaji mmoja na barua ya heshima. Tulieleza kwamba tunajua Willy Gamba ana wenyewe, na tunaomba ushauri wa namna ya kuwaendea. Nilipigiwa simu. "Mwalimu, huyo mhusika si wake." Nikasema tunajua, ndiyo maana tumeandika. "Basi hatuwezi." Hakukosea. Alichoniuma nacho ni kwamba hakuuliza binti ana miaka mingapi, wala kama ana kitu kingine. Mtu kaletewa mwandishi wa miaka 16 anayejua kujenga mashaka sura saba mfululizo, akaona jina la Willy tu.

Ikabaki njia ya pili. Akalifuta jina la Willy, akampa dereva jina jingine. Darasa likaona mara moja. Wale waliokuwa wakipigania daftari wakaanza kuuliza, "Sasa Willy yuko wapi?" Hawakutaka dereva wasiyemjua. Jina la mhusika lina wasomaji ndani yake, na ndiyo sababu wenye mali wanalilinda na mashabiki wanalitamani. Sura ya nane ikakwama muhula mzima. Nilijilaumu: ushauri wangu wa dakika tatu ulikuwa umemnyang'anya binti wasomaji wake wote.

Baadaye akarudi na kaunta buku jipya. "Ticha, nimemtoa dereva." Nikamuuliza nani anapeleleza sasa. Akanitazama kama mimi ndiye mwanafunzi. "Si bibi! Tangu mwanzo bibi ndiye alikuwa anajua kila kitu. Willy alikuwa anakuja kuuliza tu."

Kumbe kweli. Nilirudi kwenye daftari la kwanza nikahesabu: hakuna jambo hata moja ambalo Willy aliligundua bila kupita kwenye genge la ndizi. Mishororo miwili ilikuwa ya Musiba, mitatu ilikuwa ya binti, na ile mitatu ilikuwa imeshaanza kusimama yenyewe. Bila Willy asingeianza, maana asingethubutu kuandika riwaya ya upelelezi juu ya bibi muuza ndizi wa Benaco. Ilibidi aje kwanza mtu mkubwa kutoka Dar es Salaam ndipo aone kwamba pale nyumbani kuna mkubwa zaidi.

Kwa hiyo leo ningemjibu hivi. Si wizi, mwanangu, maadamu unamtaja mwenye mishororo na huuzi mali yake. Andika na Willy hadi ujue kipi ni chako. Ukitaka kuuza, ama uwaendee wenyewe, ama utoke na kilicho chako. Na kwa wachapishaji nina neno moja: mkiletewa kazi ya shabiki, kataeni mhusika kama sheria inavyowataka, halafu ulizeni swali la pili. Wenye haki za Willy, Joram na Bwana Msa nao wanaweza kutangaza shindano, kwa masharti yao na mgao wao, kama Bureau ilivyotangaza lile la 1957. Kitabu cha zamani kitachapwa upya, kwa sababu washindani watakihitaji, na majina mapya yatapatikana.

Daftari la kwanza ninalo mimi. Binti aliniachia alipomaliza kidato cha nne, akasema la pili ndilo lake, hili ni la Musiba na yeye. Sina ruhusa ya kulichapa na sitalichapa. Lakini mwanafunzi akija kuuliza kama Willy Gamba aliwahi kufika Ngara, huwa nafungua droo nampa asome palepale ofisini. Wengi, wakimaliza, huniuliza kama Kufa na Kupona iko maktaba.

Haipo. Hilo nalo ni la kumwambia mchapishaji.